Baba kaniuliza nani atanibebea mzigo

Jumapili jioni, mwezi wa tano

Leo nimempigia baba simu kumweleza mpango wa Septemba. Shikamoo, marahaba, mvua za Marangu, migomba, bei ya kahawa, kisha nikamwaga habari yenyewe: likizo ya mwaka huu nitatembea kwa miguu siku saba huku kaskazini mwa Sweden, juu kabisa, nikilala kwenye vibanda vya milimani. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe mzee alikuwa anachambua maswali, akabaki na moja.

"Nani anawabebea mizigo?"

"Hakuna, baba. Kila mtu anabeba wake."

"Na mpishi?"

"Mpishi hayupo."

"Sasa huko mnaenda kufanya nini?"

Baba alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, njia ya Marangu, mpaka magoti yalipogoma. Mandara, Horombo, Kibo, kushuka; Mandara, Horombo, Kibo, kushuka. Ndivyo vibanda vitatu vya njia hiyo: mita 2,720, mita 3,720, mita 4,720. Tarakimu hizo nilizikariri kabla ya tebo ya saba, tena hazina shida, zinapishana elfu moja moja. Kwake yeye kutembea mlimani kutoka kibanda hadi kibanda ni kazi yenye mgawanyo unaoeleweka. Mgeni anatembea na kijibegi chenye maji na kamera. Kilo ishirini zinampita njiani zikiwa kichwani kwa mtu mwingine, juu ya ngata. Mgeni akifika anakuta chai imechemka na bisi ziko kwenye sahani. Kwa hiyo swali lake halikuwa la ushamba. Alikuwa anauliza zile kilo ishirini zimekwenda wapi.

Zimekwenda mgongoni kwangu, baba. Ndicho ninachojaribu kukizoea tangu Februari.

Njia yenyewe inaitwa Kungsleden, Njia ya Mfalme. Nzima ni zaidi ya kilomita 400, kutoka Abisko hadi Hemavan, lakini sisi tunachukua kipande cha kaskazini tu: Abisko hadi Singi, kisha tunaiacha Njia ya Mfalme na kukata mashariki kupitia kituo cha Kebnekaise, chini ya mlima wa jina hilo, hadi Nikkaluokta. Mimi na mwenzangu wa zamu kazini, mama mmoja wa Kiswidi aliyekwishaipita mara tatu. Tumezipanga siku kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji: 15, 20, 13, 12, 12, 14, 19. Jumla kilomita 105. Siku ya pili ndiyo inayonitazama vibaya. Kila nikifungua friji kuchukua maziwa naiona hiyo ishirini.

Vibanda ni vya chama cha watalii cha Sweden, kilichoanzishwa 1885. Majina yake nimechukua wiki mbili kuyatamka: Abiskojaure, Alesjaure, Tjäktja, Sälka, Singi. Hilo "jaure" ni ziwa kwa lugha ya Wasami, wenyeji wa huko, wanaofuga kulungu wa nchi za baridi kwenye mabonde hayohayo tutakayopita. Kila nikilitamka mwenzangu anacheka, nami namwambia aseme "Ng'ambo" halafu tuone.

Kuna jambo lililomfurahisha baba mpaka akakohoa. Sehemu ya juu kabisa ya njia nzima ni upenyo wa Tjäktja kati ya milima, mita 1,150 hivi. Geti la Marangu, pale ambapo mgeni bado hajaanza hata kutoa jasho, liko zaidi ya mita 1,800. Kebnekaise yenyewe, mlima mrefu kuliko yote Sweden, ina mita 2,096. Ukiusimamisha pembeni ya Kilimanjaro hauifikii Mandara. "Kwa hiyo unapanda kushuka," akasema. Nikamweleza kwamba pale Abisko uko karibu kilomita 200 kaskazini ya mstari wa Aktiki, na miti inakoma ukiwa hata hujafika mita 700. Kwetu msitu unakusindikiza hadi karibu mita 3,000. Baridi ambayo sisi huifuata juu, wao wanayo chini. Hapo akaacha kucheka, akauliza habari za soksi.

Nitarudi kwenye soksi.

Wenzetu kazini wote walinishauri twende Julai. Joto, kila kitu kimechanua, na jua halizami. Nimekataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mbu. Nimekulia mlimani, mbu nilimjua vizuri nilipoanza kwenda Moshi mjini kusoma, na sina hamu ya kumkuta tena kwenye kinamasi cha Aktiki akiwa na ukoo wake mzima. Ya pili naona haya kumweleza Mswidi. Abisko jua halizami kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Sasa saa zetu sisi zinahesabiwa na jua. Saa moja asubuhi ni saa moja kwa sababu jua limechomoza, na saa moja usiku ni kwa sababu limekwenda. Miaka tisa niko nchi hii, na bado kichwani nahesabu hivyo, halafu naongeza sita au kupunguza ninapozungumza na watu. Kila Juni kitu hicho hulegea ndani yangu. Natazama dirishani, nje kweupe, sijui niseme saa tano za wapi. Mjini angalau kuna mapazia. Huko porini, siku saba bila asubuhi wala jioni, ningerudi nimechanganyikiwa.

Mwanzoni mwa Septemba jua linakuwa limerudi kwenye adabu yake. Linachomoza, linazama, na usiku ni usiku, pengine hata na nuru ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani. Vichaka vinakuwa vyekundu, miti ya mibetula ya njano. Mbu wamepungua. Ila theluji inaweza kuanguka Tjäktja, na baada ya katikati ya mwezi vibanda vinaanza kufungwa, kwa hiyo huwezi kuchelewa ukasema utaenda wiki ijayo. Tumeshalipia vitanda. Uanachama ulinipunguzia bei kidogo, lakini bado nilipobonyeza kitufe cha kulipa nilifumba macho.

Mwenzangu alinieleza maisha ya humo, na hapa ndipo nilipoanza kuupenda mpango wenyewe. Vibanda havina umeme wala bomba. Kuna mlinzi wa kibanda, anayekupokea na kukuonyesha kitanda, lakini si mtumishi wako. Maji unakwenda kuchota mtoni kwa ndoo. Maji machafu unayatoa mwenyewe na kuyamwaga mahali palipowekwa. Kuni zipo, ila ni magogo: shoka hili, gogo lile, pasua. Jiko la gesi la kupikia lipo, sufuria zipo, blanketi na mto vipo, shuka unakuja nalo. Choo kiko nje, hatua kadhaa gizani. Na asubuhi kabla ya kuondoka, unafagia, unajaza ndoo, unaacha kuni zimepasuliwa, kwa ajili ya mtu usiyemjua atakayefika amelowa.

Nilimsimulia baba yote hayo. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni kazi yetu mnaifanya ninyi."

Sikujua kama anasifia au ananilaumu.

Aliwahi kutusimulia habari ya mgeni mmoja, wa zamani sana, aliyemkabidhi begi ambalo baba alihisi limejaa chuma. Lilipita kwenye mizani getini, maana halikuzidi, lakini uzito wake ulikuwa umekaa vibaya, unavuta upande mmoja. Siku ya tatu mgeni akalifungua mbele yake: vitabu. Jalada gumu, vitano au sita. Siku zote tano hakufungua hata kimoja. Baba hakuwahi kulisimulia kwa hasira, sisi watoto ndio tuliokasirika. Yeye alikuwa anatufundisha kufunga mzigo: kizito kikae karibu na mgongo, kati ya mabega, si chini wala si nje.

Jana usiku nilipanga vitu vyangu sebuleni sakafuni, nikapima kwenye mizani ya bafuni. Kilo 17. Nikaanza kutoa. Suruali ya tatu. Taulo kubwa. Tochi ya ziada. Nikafikia kitabu. Kimoja tu, chembamba, jalada laini. Nilikishika muda mrefu kuliko kinavyostahili, nikakirudisha kabatini, nikaona uso unapata moto kama vile kuna mtu ananitazama.

Sasa ni kilo 14. Nilipomwambia baba alisema huo ni mkoba wa kwendea sokoni. Lakini akanipa masharti. Jozi moja ya soksi za sufu ikae ndani ya mfuko wa nailoni, isivaliwe kutembea hata dunia ikipasuka, ni ya kulalia tu. Buti zivaliwe kuanzia sasa, zisije zikafahamiana na miguu yangu siku ya safari. Na nisiongee nikipanda.

Chakula ndicho kilicholeta mjadala. Mwenzangu anaamini viazi vya unga vya pakiti, unamwagia maji ya moto, basi. Mimi nimeweka unga wa ugali, dengu nyekundu kwa sababu zinaiva upesi, karanga, na kifuko cha dagaa. Dagaa ni wepesi kama karatasi na mtu mzima anashiba. Tatizo ni kwamba jikoni kule ni pa watu wote, na yeye amewahi kunikuta nakaanga dagaa chumba cha wafanyakazi. Tumefikia mwafaka: dagaa watapikwa Tjäktja, kibanda kidogo kuliko vyote, na dirisha litafunguliwa. Nikamkumbusha kwamba Alesjaure na Sälka kuna vibanda vya sauna na viduka, kwa hiyo akishindwa kabisa na harufu yangu anaweza kuoga na kununua biskuti.

Naogopa nini? Mto uliofurika, kidogo. Ukungu pale Tjäktja, zaidi. Mwenzangu anasema njia ina alama za rangi kwenye mawe, na misalaba myekundu juu ya milingoti kwa ajili ya wanaopita majira ya theluji, kwa hiyo pale njia hizo mbili zinapokwenda pamoja, hata usipoona mawe unaona milingoti. Mahali pengi penye kinamasi wametandika mbao mbilimbili za kukanyaga. Nimemwamini. Ila nimechukua pia ramani ya karatasi na dira, maana simu huko haishiki mtandao sehemu kubwa ya njia, na nimefundishwa na mtu ambaye hakuwahi kumiliki ramani kwamba mlima ukikasirika unakaa chini unangoja.

Kabla hatujaagana baba aliuliza tena, kama aliyesahau: huyo atakayekuja baada yenu, kuni mtamwachia za kutosha? Nikasema ndiyo. Akasema nyembamba nyembamba, zile za kuwashia, ndizo watu husahau.

Kwa hiyo leo mazoezi. Nimejaza begi pakiti saba za unga wa ngano za kilo mbili mbili, nikapanda ngazi za jengo letu, ghorofa nane, mara sita. Mara ya nne mzee wa ghorofa ya tatu akafungua mlango, akanitazama nikishuka, akanitazama nikipanda, akauliza kwa upole kama ninahama. Nilitaka kumjibu. Nikakumbuka sharti la tatu, nikampungia mkono tu.