Mashine inazima tangu sasisho? Soma namba kabla ya kupiga Windows upya

Mafundi wengi hapa Lubumbashi, wakiletewa kompyuta inayozima ovyo tangu sasisho la Windows, hukimbilia fleshi na kupiga Windows upya. AutoCAD (programu ya kuchorea) ya mteja inapotea na mipangilio yake, na wiki ijayo mashine inarudi na ugonjwa uleule.

Anza na namba. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc (daftari la matukio ya Windows; majina ya menyu hapa ni ya Windows ya Kifaransa), ingia Journaux Windows, kisha Système, utafute tukio 41 la Kernel-Power. Kwenye Détails tazama BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikuwahi kuandika kosa lolote: umeme ulikatika, pawa saplai imechoka, au mashine iliganda mtu akaizima kwa kitufe. Kwa umeme wetu huu, sasisho husingiziwa sana. Ichomeke kwenye ondulere (UPS) yenye betri nzima, uipe kazi nzito, ndipo uhukumu.

Namba hiyo huandikwa kwa desimali, ilhali kodi za skrini ya bluu, ile ya kosa, kwa kawaida hutajwa kwa heksadesimali, na wengi hupotelea hapo. 278 ni 0x116, 292 ni 0x124, 123 ni 0x7B.

278 ni kadi ya grafiki, na hapa sasisho huwa na hatia kweli. Windows Update huweza kuweka draiva yake juu ya ile ya mtengenezaji, na mashine za wachora ramani za migodi huumia mapema kwa sababu programu zao huikamua kadi. Fungua Gestionnaire de périphériques, Cartes graphiques, Propriétés, Pilote, urudishe draiva ya zamani. Kitufe kikiwa kijivu, ya zamani haipo tena. Basi pakua ya mtengenezaji kwenye fleshi, chomoa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, ingia hali salama, safisha kwa DDU (programu ya kufuta draiva za grafiki), washa kawaida, ndipo usimike ile ya fleshi. Ukiacha intaneti wazi, Windows itakuwahi na kurudisha ileile mbovu.

292 mara nyingi ni kifaa chenyewe. Fungua kava. Vumbi jekundu la kiangazi hujishindilia chini ya feni, juu ya mapezi ya kupozea prosesa, kama blanketi. Ukipuliza kwa juu tu, linabaki. Toa feni, piga brashi, puliza. Joto likiwa sawa na bado inaanguka, acha MemTest86 (kipimo cha RAM) izunguke raundi 4.

123 ni diski ya kuwashia kutofikika; kwa kuwa Windows haiwaki, kwa kawaida utaiona kwenye skrini ya bluu yenyewe. Kama BIOS (programu ya kuwashia mashine) nayo imesasishwa, huenda imerudi mipangilio ya kiwandani, na hali ya diski iliyokuwa RAID ikawa AHCI. Irudishe ilivyokuwa, usifute kitu.

Mashine isiyofika kabisa kwenye Windows, kata uwakaji wake mara 3 mfululizo, kisha Dépannage, Options avancées, Désinstaller des mises à jour. Toleo kubwa kwa kawaida hurudishwa ndani ya siku 10 tu.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho, mafaili ya mfumo huweza kuharibika. Amri za Windows za kuyatengeneza huandikwa kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi: DISM hutangulia, sfc /scannow hufuata. Ila DISM hula mega. Ukiwa na ISO (faili la kusimikia Windows) ya toleo lilelile, ifungue na utumie amri hii, E ikiwa herufi ya diski ya ISO hiyo:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ukikuta install.esd, badili wim iwe esd mahali pote pawili. Ile 1 ya mwisho lazima iwe namba ya Windows iliyomo kwenye mashine, Pro kwa Pro. Dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim itakuonyesha orodha.