Nilivyoipiga shelaki ukulele mpya bila kufika kwenye mbao

Ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, ninayoizungumzia ni ya saizi ya konseti: kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani, yaani vipande viwili vinavyobeba nyuzi juu na chini, ni kama sentimita 38. Uso wake wa mbele ni mbao nzima ya mahogani ya Afrika, jamii moja na mkangazi wetu. Mgongo na mbavu ni plaiwudi iliyovikwa ngozi nyembamba ya mbao hiyohiyo. Ilitoka kiwandani na vanishi ya poliurethani isiyong'aa, imepakwa kidogo hivi kwamba vitundu vya mbao bado vinaonekana, na rangi ilikuwa imepauka. Nilitaka mambo mawili: wekundu wa mkangazi utoke wenye kina, na shingo isigande mkononi wakati wa joto la pwani. Wazo la kwanza lilikuwa kuitoa vanishi yote na kuanza na mbao tupu. Baada ya kupima niliachana nalo. Nikaipiga vanishi msasa juujuu tu na kupaka juu yake shelaki, vanishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti.

Sababu ni unene. Uso wa ukulele huwa na milimita 1.5 hadi 2, na ngozi ya nje ya plaiwudi mara nyingi haifiki hata nusu milimita. Poliurethani ni ngumu kuliko mbao iliyo chini yake, kwa hiyo msasa unahangaika juu ya vanishi kwa muda mrefu, halafu inapotoboka, mbao laini inaliwa kwa kasi kabla hujaondoa mkono. Kwenye plaiwudi utaona doa jeupe lenye nyuzinyuzi zilizolala upande mwingine: hilo ni tabaka la pili, na hakuna dawa yake isipokuwa kulipaka rangi ulifiche. Pembe ambako mgongo unakutana na ubavu ndizo huenda kwanza.

Njia nyingine za kutoa vanishi ni mbaya zaidi. Dawa ya kuondolea rangi, ile ya mafundi wa magari, inayeyusha ukanda wa plastiki unaozunguka kingo, tena inachuruzika ndani kupitia tundu la sauti. Bunduki ya hewa ya moto inalegeza gundi, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hadi 70, na kitu cha kwanza kunyanyuka ni daraja, maana ndilo linalovutwa na nyuzi saa zote.

Kabla ya kuamua lolote, fahamu una mbao gani. Tazama ukingo wa tundu la sauti kwenye mwanga mkali. Kama mistari ya mbao inatoka usoni na kushuka kwenye ukingo bila kukatika, hiyo ni mbao nzima. Ukiona matabaka kama ya mkate uliopangwa, ni plaiwudi. Kwa mgongo, chagua mstari au doa linaloonekana nje, kisha chungulia ndani kwa tochi mahali palepale. Mbao nzima huonyesha alama ileile pande zote mbili. Viwanda vingine hupaka rangi ukingo wa tundu ili matabaka yasionekane. Hapo tegemea kipimo cha mgongo.

Cha pili ni kujua imepakwa nini. Nilifungua mashine moja ya kukazia uzi, nikapata sehemu chini yake ambayo haitaonekana tena. Nikachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, nikakibandika pale kwa dakika moja. Vanishi ikilainika au ikinata, ni shelaki. Isipoguswa, rudia kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha: ikiyeyuka, ni laka ya nitroselulosi. Yangu haikuguswa na chochote, ndivyo poliurethani na poliesta zilivyo. Asetoni usiisogeze karibu na ukanda wa plastiki hata kidogo.

Nilifikiria mafuta pia, ya kitani au ya mbegu za mti wa tung, kwa kuwa watu wengi huyapenda. Mafuta yanahitaji kuingia kwenye mbao, na juu ya poliurethani hayana pa kuingia, yanabaki yananata. Kama chombo chako ni mbao tupu na unataka kutumia mafuta ya kitani, nunua yaliyochemshwa, kwa sababu mabichi huchukua wiki nyingi kukauka. Vitambaa ulivyotumia usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke vikakamae, au vitie kwenye maji.

Shelaki ina sifa iliyonifaa: inashika karibu juu ya kitu chochote kilichopigwa msasa, inakauka kwa dakika, na ukikosea unaweza kuirudisha kwa spiriti bila kugusa kilicho chini. Hutokana na utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye miti ya India na Thailand. Nilinunua ile ya vipande iliyotolewa nta. Kwa rangi nilichagua ya kaharabu, si nyeupe. Ndiyo iliyoleta wekundu.

Kipimo changu: gramu 30 za vipande kwa mililita 250 za spiriti. Spiriti iwe safi isiyo na rangi, ya asilimia 95 au zaidi. Ile ya zambarau ya dukani mara nyingi ina maji mengi, na maji ndiyo yanayofanya shelaki ichelewe kukauka na kuacha ukungu. Tumia chupa ya glasi yenye kifuniko cha plastiki, maana chuma huifanya shelaki iwe nyeusi. Tikisa kila baada ya saa kadhaa kwa siku nzima, kisha chuja kwa soksi nyembamba ya nailoni. Andika tarehe kwenye chupa. Baada ya miezi 6 hivi, dondoshea tone kwenye kioo na liache lilale: lisipokauka kabisa kufikia asubuhi, mwaga yote, kwa sababu hata ukingoja mwezi mzima haitakauka kwenye chombo.

Kabla ya kuanza, legeza nyuzi zote kwa pamoja, kila uzi nusu mzunguko kwa zamu, ndipo uzitoe. Mfupa wa darajani uuwekee alama ya penseli upande wa uzi wa G, kwa sababu mara nyingi umechongwa upande mmoja juu kuliko mwingine. Toa mashine za kukazia, na skrubu zake ziweke kwenye kikombe. Ni ndogo mno. Ziba tundu la sauti kwa puto ulilolipulizia likiwa ndani. Ubao wa freti, ule wa shingoni wenye vichuma vilivyokingama, na daraja vifunikwe kwa tepu ya karatasi. Daraja usilitoe. Chini yake gundi imeshikana na mbao tupu, na kulirudisha sawasawa ni kazi ya fundi.

Kichwani kulikuwa na nembo ya karatasi chini ya vanishi. Msasa ungeikwangua, kwa hiyo upande wa mbele wa kichwa niliuacha kama ulivyo.

Msasa wenyewe ulikuwa namba 600, mkavu, kwa kidole kilichozungushiwa kipande cha raba, kufuata mistari ya mbao. Mpangilio wa 220, kisha 320, kisha 400 ni kwa mbao tupu. Hapa ungekata vanishi yote. Lengo ni mng'ao uondoke na uso uwe mweupemweupe kama kioo chenye mvuke. Acha sentimita nzima kutoka kwenye kila kona, na kona zenyewe uzipitie kwa kitambaa kilichopakwa unga wa msasa uliobaki. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kupaka shelaki kwa brashi juu ya uso mdogo kama huu huacha mistari. Tumia kifundo: pamba au kipande cha soksi ya sufu nyeupe ndani, na nje kitambaa cha shati la pamba lililofuliwa mara nyingi, lisilotoa manyoya. Ukubwa wake uwe kama yai la kuku. Mimina shelaki kama kijiko cha chai ndani ya kifundo, ukikandamize juu ya karatasi hadi kiache alama nyevu isiyochuruzika. Kifundo kilicholowa kupita kiasi ndilo kosa la kila anayeanza: kinayeyusha tabaka la chini na kulivuta, na uso unapata makunyanzi.

Mipako 2 ya kwanza niliipitisha kwa mistari iliyonyooka bila mafuta. Kuanzia wa tatu, niliweka tone moja la mafuta ya zeituni kwenye uso wa kifundo ili kiteleze, nikienda kwa miduara midogo, kisha umbo la nane, halafu mistari. Kifundo kiingie kikiwa tayari kinatembea na kitoke kikitembea. Kikisimama hata sekunde moja juu ya uso, kinaganda na kuacha alama ya kitambaa. Likitokea hilo, usirudi kusahihisha papo hapo. Acha saa 2, ipige msasa 600 kidogo, endelea.

Kila kipindi kilikuwa cha dakika kama 10, pamoja na mgongo na mbavu. Nilifanya vipindi 3 kwa siku vilivyoachana saa 2 au zaidi, kwa siku 5. Kila baada ya vipindi 5 nilisawazisha kwa msasa 600 na kuangalia kwa mwanga wa pembeni. Sehemu ngumu ni zile zinazozunguka daraja: kifundo hakifiki, na ukilazimisha kinaacha ukingo mnene. Hapo nilitumia brashi nyembamba ya mchoraji, yenye shelaki iliyoongezwa spiriti sawa kwa sawa. Jumla ya shelaki haikufika nusu ya chupa. Tabaka nene linaongeza uzito kwenye uso unaotakiwa kutikisika, na ukulele ina nguvu ndogo ya kutikisa uzito wa ziada kuliko gitaa.

Ukungu mweupe ulitokea siku moja ya mvua. Spiriti inapopaa inaupoza uso, na unyevu wa hewa unaganda ndani ya shelaki kabla haijakauka. Nilisubiri siku ya jua, nikapitisha kifundo chenye spiriti karibu tupu, kikavu mno, mara moja tu; ukungu ukaondoka. Tangu hapo nilifanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na kipima unyevu kikizidi asilimia 70 niliahirisha. Mtu wa Tanga au Mombasa asiianze kazi hii katikati ya masika.

Siku ya mwisho nilipitisha kifundo kipya chenye spiriti kidogo sana, kwa mistari mirefu, kuondoa mafuta yaliyobaki juu. Kisha ukulele ikakaa wiki 2 ikiwa imetundikwa, bila mfuko, kwa sababu mfuko huacha alama zake kwenye shelaki mpya. Baada ya hapo nilisugua kwa pamba ya chuma ya namba 0000 na nta kidogo ili mng'ao upungue. Pamba ya chuma ya jikoni haifai. Ni nene na ina sabuni.

Shingo haikupata shelaki kabisa. Jasho na joto la kiganja huilainisha, na kunata kungezidi. Niliipiga msasa namba 600 kwa viboko vichache, kisha 1000, kutoka chini ya kichwa hadi inapokaribia mwili, nikiacha sentimita 2 pande zote mbili ili mpaka usionekane. Dakika 10 zilitosha. Kama tatizo lako ni shingo tu, fanya hili peke yake. Kwa maoni yangu ndilo badiliko analolihisi mpigaji kuliko yote.

Kwa sauti, usitarajie makubwa. Tofauti niliyoisikia baada ya kurudisha nyuzi ilitokana na nyuzi zenyewe, maana niliweka mpya za florokaboni, aina ya plastiki. Mtu anayetaka sauti nyingine aanze na nyuzi, kisha mfupa wa darajani, kabla ya kugusa vanishi. Wareno watatu waliofika Honolulu, Hawaii, kutoka kisiwa cha Madeira mwaka 1879, Nunes, Dias na do Espírito Santo, walikuwa maseremala, na ukulele waliyoianzisha kwa mbao ya koa, mti wa huko Hawaii, ilitegemea wembamba wa mbao kuliko chochote kilichopakwa juu yake.

Unaporudisha nyuzi, pima nafasi iliyopo kati yake na freti ya 12: milimita 2.5 hadi 3 ni sawa. Ukikuta imebadilika, mfupa umekaa vibaya kwenye mfereji wake, mara nyingi kwa sababu ya shelaki iliyoingia. Ikwangue kwa kijiti cha mbao chenye spiriti. Nyuzi mpya zitashuka sauti kila siku kwa karibu wiki moja.

Vitakasa mikono vyenye alkoholi vinayeyusha shelaki. Mikono ikauke kabisa kabla ya kuishika, manukato yasipuliziwe karibu, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Niliweka kando chupa ndogo ya shelaki iliyobaki kwa ajili ya mikwaruzo: tone moja kwa brashi ya mchoraji, saa 2, msasa 1000, na kovu linapotea.