Jina la Kiboriloni

Juzi jioni binti yangu, ambaye mwaka huu ndiye nahodha wa netiboli shuleni kwao, aliniuliza huku akifungua kamba za viatu: "Baba, mwenzangu mmoja anang'ang'ania mpira mpaka tunanyang'anywa. Nimwambieje asinune?"

Nikamwambia angoje kwanza. Nilikuwa nimemkumbuka Kiboriloni.

Ilikuwa safari ya siku saba ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, mimi mkuu wa msafara, yeye msaidizi wangu. Siku ya tatu mnatoka kambi ya Shira, mnapanda hadi Lava Tower, ule mnara wa mwamba, zaidi ya mita 4,600, kisha mnashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee kidogo kidogo. Hapo ndipo unapoanza kuona mgeni gani atasumbuka usiku wa kileleni. Mama mmoja mtu mzima alitapika mara mbili pale mnarani. Mimi nilikuwa mbele na wengine. Mama alikuwa nyuma na yule kijana msaidizi wangu.

Usiku tulijaa kwenye hema la jikoni, wagumu, yaani wapagazi, wamebanana, sahani za ugali mapajani. Kijana akaingia wa mwisho. Nikasema, kila mtu akisikia, "Wewe leo umekimbiza mgeni kama daladala ya Kiboriloni inayowahi abiria!"

Hema zima likacheka; Kiboriloni ni pale Moshi. Naye alitabasamu, akamega ugali, akaanza kuufinyanga. Lile tonge naliona mpaka leo. Aliliviringa, akaliviringa, taa ya kichwani ya mtu ikimmulika vidole, mchicha ukipoa sahanini, na nyuma ya mizigo mtu akirudia, "Kiboriloni!" Halikufika mdomoni. Alilirudisha taratibu kwenye sahani, akamshukuru mpishi, akatoka.

Mpishi, mzee wa Old Moshi, hakuwa amecheka. "Mwanangu," akaniambia, "kijana ameshasikia kwamba yeye ni daladala. Kesho pale kwenye ukuta wa miamba wa Barranco afanye nini?"

Nikamfuata kijana hemani kwake. Nikaanza upya, safari hii kwa sauti ya chini. "Yule mama ameniambia aliomba kupumzika mara tatu kabla ya mnara. Kesho akitaka kusimama, simama naye. Mpe maji, angoje pumzi irudi, ndipo mwendelee. Nitawasubiri."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Sawa, kaka. Ila asubuhi ulisema tusiachane, mvua inakuja. Nilikuwa nakuwahi wewe."

Ni kweli, nilisema. Nikamwomba radhi palepale, gizani, tukiwa wawili tu. Siku zilizobaki alimwongoza yule mama kwa subira ambayo sijaiona kwa kiongozi mwingine. Mama akafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, nyuma ya wote, akiwa mzima.

Lakini hema lilisikia maneno ya kwanza. Ya pili halikuyasikia. Tunafika chini, geti la Mweka, wagumu wote walikuwa wakimwita Kiboriloni. Nilikuwa na nafasi pale, kabla ya kugawana bahshishi, ya kuwaambia kwamba agizo la kuharakisha lilikuwa langu. Magari yalikuwa yanasubiri, watu wamechoka, na mimi nikajiambia kwamba tulishayamaliza wawili.

Sasa naye ni mkuu wa misafara, mzuri kuliko nilivyokuwa mimi. Mwezi uliopita, stendi ya Moshi mjini, mtu alipaza sauti, "Kiboriloni!" Akageuka na kuitika upesi, kama jina alilopewa na bibi yake. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Nilitaka kumuuliza kama jina lile bado linamuuma. Nikahofia atasema hapana kwa sababu tu ya heshima.

Binti yangu nilimwambia amwite mwenzake pembeni kabla ya mazoezi, amtajie mpira mmoja aliouona ukipotea, kisha amuulize yeye aliona nini pale uwanjani.

"Na akisema ni mimi nahodha niliyemwambia aushikilie?"

Hilo bado sijamjibu.