Dakika za mwanzo za Rear Window

Jana usiku nimeirudia filamu ya Rear Window ya mwongozaji Alfred Hitchcock, ile ya 1954, na nimejikuta nairudisha nyuma sehemu ya mwanzo tu, mara tatu nne hivi, maana pale kuna kazi kwelikweli. Mapazia ya dirisha yanapanda taratibu huku majina yanapita, halafu kamera inatoka kuchungulia uani, Greenwich Village, New York, joto balaa. Paka anapanda ngazi, jamaa ananyoa ndevu redio ikiongea pembeni, mtu na mkewe wamelala nje kwenye ngazi za dharura na godoro lao. Themometa imepita 90 za Farenhaiti, na uso wa James Stewart, mwigizaji mkuu, unatiririka jasho.

Sasa hapa ndo naipenda. Kamera inarudi ndani, inashuka kwenye mguu uliofungwa plasta, inaenda kwenye kamera iliyovunjika vipandevipande, kisha picha ukutani ya gari la mashindano linapinduka na tairi limechomoka linakuja moja kwa moja kwako. Hakuna mtu kasema neno, lakini tayari unajua huyu jamaa wa Stewart ni mpiga picha, unajua kaumiaje na kwa nini kakwama nyumbani!

Na kitu kingine, muda wote huo yeye kasinzia kalipa mgongo dirisha, yaani wa kwanza kuchungulia majirani ni sisi tunaoangalia, yeye bado hata hajafumbua macho.