Kabureta ya V8 ilivyoniumbua njia ya Chunya

Nianze na shemeji yangu, maana hasara ilianzia kwake. Gari yangu ni Land Cruiser FJ60 ya 1984, injini ya 2F, silinda sita za mstari mmoja, lita 4.2. Kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ilikuwa imechoka: mhimili wa kipepeo, kile kisahani kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, unacheza, petroli inavuja, na nikikaribia Mlima Nyoka gari inakohoa. Shemeji akasema, "Shemeji, weka kubwa. Ya V8, injini ya silinda nane, midomo minne. Chunya utapanda kwa gia ya nne."

Nikaiweka. Fundi alichonga bamba la kuikalisha, tukafunga. Jamani! Nikikanyaga mafuta gari inaguna kwanza, inafikiria, ndipo inaondoka na moshi mweusi kama tanuri la matofali. Kwenye kona za Kawetere bodaboda yenye gunia mbili za mkaa ilinipita, na dereva akanipungia mkono. Plagi zote sita zilitoka na masizi, ungeweza kuandikia ukutani.

Hesabu nilipaswa kuipiga kabla. Injini hii ikizunguka mara 3,500 kwa dakika, na kila silinda inajaza hewa mara moja kwa mizunguko miwili, ni lita 7,350 za hewa kwa dakika. Haijazi kamili, kwa hiyo weka kama 5,900. Koo la kabureta ya V8, njia hewa inamopita, ni pana mno kwa hewa hiyo. Hewa inapita polepole, haina nguvu ya kunyonya petroli na kuifanya ukungu, inadondoka matone matone. Na hapa Mbeya, mita 1,700 hivi, hewa yenyewe ni nyepesi.

Nilipokwenda kutafuta kabureta mara ya pili nilikata boksi la biskuti, nikalilaza juu ya manifoldi, pale kabureta inapokaa, na kulisugua kwa dole gumba lenye oili mpaka matundu na bolti zote nne zikajichora. Nikalitia mfukoni hadi sokoni Mwanjelwa. Muuza spea wa kwanza akaapa, "Ndiyo yenyewe hii, mzee wangu!" Nikalaza boksi: bolti mbili nje. Kwa wa tatu ikakaa. Kabureta ya kampuni ya Aisan, ya midomo miwili, mtumba, ya 2F hii hii. Nilitikisa kipepeo, hakichezi. Mkono wa eksileta uko upande wangu. Laki mbili na ushee, nadhani, na gaskiti humo humo.

Gari ikawaka, lakini nikiachia mafuta inazima. Fundi akasema, "Bovu hilo, karudishe." Tulibishana mpaka saa tisa, ndipo nikaona kiwaya kimoja kinaning'inia. Ni cha kile kidude cha sumaku kinachofungua njia ya petroli gari ikiwa imesimama inanguruma. Nikakigusisha kwenye umeme: tik! Nikakichomeka, injini ikatulia. Fundi akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

Baadaye tulipunguza jeti kuu, kile kitundu kinachopima petroli, kwa namba moja, plagi zikaanza kutoka na rangi ya kahawia. Ile ya V8 iko stoo. Shemeji kila akija anauliza nairudishia lini.