Nilimpigia mama nikamwambia "niko negative"

Wengi mnaniuliza niliwezaje kipindi kile cha majibu ya kansa yangu ya ziwa mana mlikuwa mnaniona nacheka tu. Jamani mwanzoni sikuweza, ntawasimulia ilivyokuwa, na mengine yanachekesha kabisa.

Kansa yenyewe nilishaijua moyoni kabla ya kuambiwa. Uvimbe ulianza kama karanga, ziwa la kushoto, nikauchekea mpaka ukawa kama ndimu, ndo nikaenda hospitali wakachukua kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka nililia nikanyamaza. Nikaja Dar nikakatwa ziwa, nikaambiwa tezi za kwapani zimetolewa 11 na kati ya hizo 3 zina kansa, nikasema haya, tunaendelea. Kikabaki kipimo kimoja, kile cha vipokezi, yaani kinyama kilekile kinapimwa tena kujua kansa yako inatumia homoni ama vipi, ndo dokta ajue akupe dawa gani. Nikasubiri wiki tatu.

Siku ya kuchukua nikaenda peke yangu, nikaona ni karatasi tu. Bahasha nikaifungulia palepale kwenye kibaraza nimesimama. Kingereza kiiingi sikielewi lakini chini nikaona ER negative, PR negative, HER2 negative. Sasa nyie, sisi tuliokulia enzi za Angaza, vile vituo vya kupima ukimwi, neno negative tunalijuaje? Negative ni kutoka pale unaruka ruka! Na hapa nimepewa tatu kwa mpigo. Nikampigia mama Kilosa hapohapo, "mama niko negative, zote tatu!" Mama akapiga vigelegele nikavisikia mpaka nikaitoa simu sikioni, na jioni alishatangaza jumuiya nzima, watu wakasali sala ya shukrani.

Baada ya siku mbili naingia kwa dokta na meno yote nje. Akaniacha nimalize furaha yangu, halafu akachukua karatasi akachora duara, akasema hii ni seli ya kansa, akaichorea milango mitatu, ndo vile vipokezi vya ER, PR na HER2. Dawa zingine zinaingilia milango hiyo, kama vile vidonge vya tamoxifen wanavyomeza wenzako miaka mitano, na ile sindano ya Herceptin. Akaifuta milango yote. Akasema yako haina hata mmoja. Kwahiyo vidonge havitafanya kazi, sindano haitafanya kazi, silaha yetu kubwa ni kemo, zile dawa za kuua seli za kansa, na mionzi kwa sababu ya zile tezi.

Alivyoendelea baada ya hapo sikusikia tena. Nilikuwa naangalia lile duara.

Nilikaa siku nne simpigii mama, simu yake ikiita naiangalia tu. Nilikuwa naumwa na zile sala za shukrani kuliko kidonda cha kwapani, sijui kama mnanielewa. Mwisho mdogo wangu akasema hili halisemwi kwenye simu, akapanda basi akaenda kumwambia uso kwa uso. Mama akakaa kimyaa, kisha akauliza, "Kwahiyo vile vigelegele vyangu nivirudishe?" Mdogo wangu anasema alishindwa ajibu nini, wakaanza kucheka wote wawili na machozi yanatoka. Jioni akanipigia yeye mwenyewe mama, akasema mwanangu usijali, tutapiga vingine, havinunuliwi.

Tuliporudi kwa dokta nikaenda na mdogo wangu na kaunta buku lake, kazi yake kuandika tu. Dokta akasema aina hii mara nyingi inaitika kemo vizuri, na kwamba hatari ya kurudi ni kubwa miaka ile ya mwanzo, ukivuka mitano inashuka sana. Nikamuuliza dokta mbona siku ile hukuniambia haya? Akasema nilikuambia. Nikaangalia daftari nikanyamaza. Toka hapo sijawahi kufungua bahasha peke yangu, hata ikikaa kabatini siku tatu chini ya kanga inaningoja mdogo wangu atoke kazini.

Watu ndo walinichosha kuliko ugonjwa. Kila anayepiga simu inabidi uanze upya toka kinyama mpaka tezi, na yeye akisikia analia, unaanza kumbembeleza wewe. Shangazi yangu mmoja alikuja kunipa pole akalia mpaka nikainuka na dreni yangu ubavuni (ule mpira wa kutoa maji ya kidonda) nikamchemshia chai. Hapo mdogo wangu akafungua grupu la WhatsApp la ukoo, akaandika yeye ndo msemaji, kukiwa na jambo atasema, msimpigie mgonjwa. Kuna waliokasirika, wakasema tunajidai. Wakasirike tu. Jirani naye akaniletea kiroba cha majani ya mstafeli, eti kunywa achana na madawa yao. Sikugombana nae, nilipokea nikashukuru, nikamuuliza dokta, akasema usichanganye kitu chochote na kemo bila kuniuliza, basi kiroba kikalala nje na mbuzi wa mwenye nyumba wakafaidi.

Usiku sasa. Saa tisa usiku niko na simu chini ya shuka naingia Google kuuliza nitaishi muda gani, na kule hawaulizi wewe nani wala umekula nini, wanakupa asilimia. Niliwahi kusoma mpaka adhana ya alfajiri. Dawa yake kwangu ilikuwa ya kizembe sana, nikaacha kununua bando la usiku. Likiisha limeisha, nabaki na redio.

Kilichonivunja kabisa hakikuwa ile milango mitatu. Ilikuwa dozi ya tatu ya ile dawa nyekundu (ile inayokufanya ukojoe rangi ya mirinda, msishtuke). Nilikuwa nimezungushia kalenda kila baada ya siku 21, nimejipangia mpaka siku ya kumaliza, nimejikaza nimefika na beseni langu na ndimu zangu, wakapima damu wakasema chembe nyeupe zinazolinda mwili zimeshuka, rudi nyumbani wiki moja, na joto likifika 38 usingoje kuche, njoo hospitali. Jibu dogo tu lile, kila mtu linampata. Nililia ndani ya daladala toka Posta mpaka Mbagala, konda akanirudishia nauli yangu. Kalenda nikaichana nilipofika, nikawa nahesabu kesho nitakula nini basi.

Na kuna mama mmoja wa Kigoma nilikaa nae benchi siku ya kliniki, nikamwamkia, akaniuliza we mwanangu yako ya aina gani. Nikamwambia ile isiyo na milango. Akasema aah, kama yangu, mimi huu mwaka wa nne, nakuja kuangaliwa tu. Huku anamenya karanga, maganda anayaweka kwenye mtandio vizuri asichafue sakafu. Nilisahau kumuuliza hata jina. Daftari lina maelezo mengi ya dokta lakini nikizidiwa usiku sikumbuki daftari, namkumbuka yeye na karanga zake.

Kemo niliimaliza, mionzi nayo nikamaliza, nywele zinaota laini kama za mtoto. Picha ya mwisho imeonyesha kidoa kwenye pafu, kidogo sana, dokta anasema kinaweza kuwa kovu la mionzi kinaweza kuwa kitu kingine, turudie baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu imekwisha, picha nimepiga, majibu ni Alhamisi. Nimelala vibaya wiki hii, siwadanganyi. Mdogo wangu ameshaomba ruhusa kazini, na mama anapanda basi Jumatano, anasema safari hii anataka amsikie dokta kwa masikio yake. Nimemwambia aje, ila asimwambie mtu wa jumuiya chochote mpaka dokta amalize kuongea.