Siku moja maishani mwangu: kupiga picha ya picha

Saa 11 alfajiri niko macho tayari, napakia betri, lenzi ya 50, traipodi na kitambaa cheusi ambacho nimekitoboa tundu katikati. Wiki hii tunaandaa maonyesho ya Juni 25, kukumbuka vijana waliouawa 2024 kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na pamoja nao wale waliouawa na polisi huku mitaani Nairobi miaka mingi kabla, ambao hakuna mtu aliwaandamania.

Saa 1 asubuhi matatu imekwama Juja Road, manyunyu yanaanguka na makanga ashapandisha fare. Sikasiriki, mawingu ya Juni yananipa mwanga mzuri usio na vivuli. Tunapita karibu na Kiamaiko, hapo ndipo Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Machi 30, 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona. Uso wa Yassin nchi nzima iliuona. Mimi leo naenda kwa familia ambayo uso wa mtoto wao haujawahi kutoka nje ya hiyo nyumba.

Saa 2 na nusu, Mathare. "Karibu kijana wangu, keti, chai kwanza." Kamera haitoki kwa begi kabla chai haijaisha, hiyo kwangu ni sheria. Mama ana picha moja tu ya mwanawe, ya studio, aliyopigwa alipomaliza darasa la nane. Simu ya kijana yenye zile zingine ilichukuliwa siku alipouawa na haijarudi. Mabati yalivuja mvua ikaingia kwenye fremu, sasa picha imegandana na kioo, na ukijaribu kuibandua hivi utang'oa uso wote. Kwa hivyo unapiga ukipitia kioo hicho hicho. Nimelaza fremu kwa stuli karibu na mlango, kamera juu inaangalia chini, lenzi imepenya tundu la kile kitambaa ili kioo kisirudishe taswira ya kamera wala ya dari, f/8, ISO 100, nabonyeza na timer nisitikise kitu. Mama ameshika pembe ya fremu, kidole gumba kimefika hadi begani kwa mtoto. Anauliza, "Nitoe mkono?" Namwambia wacha tu mama, nipige moja hivyo kisha moja bila. Nikavuta karibu kwa skrini akaona kola ya shati, akasema hiyo nilimtolea Gikomba, ilikuwa kubwa nikaipunguza mwenyewe kwa sindano. Hapo akaongea karibu saa nzima, na mimi nikaiacha kamera nikasikiliza.

Uso wake mwenyewe hataki uonekane, kesi bado iko IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, na yeye ni shahidi, basi nimepiga mikono tu. Lokesheni pia nafuta kwa kila faili kabla haijatumwa kwa mtu yeyote.

Saa 8 mchana niko River Road kuprinti zile picha tulizomaliza awali. Kuna mtu hapo dukani ananiuliza mbona hatuonyeshi miili, ati ndio watu washtuke. Nikamwambia ya Emmett Till. Kijana wa miaka 14 aliyeuliwa na wazungu Mississippi mwaka 1955, mama yake Mamie akaamua jeneza liachwe wazi Chicago, mpiga picha David Jackson akapiga, jarida la Jet likachapisha na Marekani ikatikisika. Lakini mama mwenyewe ndiye aliamua! Huku kwetu picha ya maiti inazunguka WhatsApp kabla mama hajapigiwa simu hata na jirani, na hiyo mimi siwezi kuita uanaharakati.

Saa 10 napitia Freedom Corner pale Uhuru Park kupima mahali pa kusimamisha bodi, maana mama alichagua mwenyewe, anataka picha ikae hapo. 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa hapo wakigoma kula pamoja na Wangari Maathai, polisi wakawapiga, wengine wakavua nguo, wakahamia kanisa la All Saints na hawakuachilia mpaka watoto wao wakaanza kutolewa. Kila nikisimama hapo nawaza hao akina mama walivyokuwa wabishi.

Saa 3 usiku, laptopu. Kijana tunayefanya naye kazi anasema tuipitishe kwa AI, dakika moja doa la maji limeisha. Nimekataa kabisa. Hiyo programu haijui sura ya huyu mtoto, itamtengenezea shavu lingine na mama atasimama mbele ya mtu ambaye yeye hakumzaa. Nimerekebisha mwanga na rangi basi, doa libaki. Kwa maelezo chini ya picha mama alitaka niandike pia siku aliyozaliwa, si ile ya kifo peke yake, na nimeiweka ya kwanza.

Saa 5 bakapu kwa diski mbili, moja inalala kwangu na nyingine kesho inaenda kwa rafiki. Kesho asubuhi ni Kayole, kuna baba ambaye picha pekee aliyo nayo ya binti yake ni ile ya kitambulisho, nitahitaji lenzi ya makro na bado sijapata wa kuniazima.